Picha Ikunjwayo

Yako mawazo kuwa picha yoyote huchorwa ili kuyafurahisha macho. Mawazo haya hayatoshi kuieleza tangka, picha ya ibada ya Wabuddha wa Tibet. Tangka huchorwa juu ya kitambaa, ikashonewa pindo za hariri, ikatiwa mti juu na chini, ikaweza kukunjwa kama jamvi. Haja ndiyo iliyoleta umbo hili. Watawa na wafugaji walihamahama katika nyanda za juu. Hekalu halibebeki mgongoni, lakini picha hubebeka.

Kuitengeneza ni kazi ya subira. Kitambaa cha pamba huwambwa katika kiunzi cha mti, hupakwa gundi ya ngozi na chokaa, kisha husuguliwa kwa jiwe mpaka kikalainika. Ndipo mchoraji hupiga mistari ya vipimo. Urefu wa uso, upana wa mabega na mahali pa kitovu vimekwisha kuamuliwa na mapokeo. Hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Samawati na kijani hutoka katika mawe yenye shaba, nyekundu katika jiwe lenye zebaki. Macho huchorwa mwisho. Nyuma ya kitambaa huandikwa silabi tatu takatifu, penye paji, koo na moyo wa aliyechorwa. Jina la mchoraji aghalabu halimo.

Mtu huweza kuuliza: ni sanaa gani hii isiyo na uhuru wala jina? Mtunzi wa tenzi hatashangaa. Yeye hakubuni mizani nane za kila kipande, wala hazikumzuia kusema lililo moyoni mwake. Mchoraji naye huachiwa mawingu, maua na milima ya nyuma, na humo mkono wake hujulikana.

Shida ya tangka ilitoka kwingine. Katika Mapinduzi ya Utamaduni ya China, 1966 hadi 1976, nyumba nyingi za watawa zilibomolewa na picha nyingi zikaangamia. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka na wakimbizi, hasa tangu 1959. Nyingi zimefika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Huko hazifikiwi na moshi wa taa za siagi, lakini hakuna aziinamiaye. Kitambaa kimepona, ibada imebaki nje ya mlango.

Je, iliyohifadhiwa hivyo imeokoka? Nusu yake imeokoka. Nusu ya pili hukaa mahali ambapo mwalimu humwongoza mwanafunzi kupiga mistari, kama katika taasisi ya Norbulingka huko India, na Regong katika mkoa wa Qinghai, ambayo sanaa zake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2009. Kitambaa huliwa na nondo na rangi hufifia. Kipimo kilichofundishwa vema hupita mkono hata mkono, na kila kizazi huyafumbua macho yale upya.