Safari ya Mahema katika Nchi ya Utah

Huko Marekani watu wengi hutumia siku za mapumziko kwa namna ambayo wazee wetu wangeistaajabia. Huacha nyumba zenye taa na vitanda, hupakia mahema, masufuria na watoto katika motokaa, wakaenda kulala nyikani, nao hufanya hivyo kwa furaha. Mwezi wa nane uliopita, tulipomtembelea dada yetu akaaye Salt Lake City, mji mkuu wa jimbo la Utah, nasi tulialikwa katika safari ya namna hiyo. Alikuwapo dada, shemeji, watoto wao watatu, na Mama Mkubwa, ndiye dada wa marehemu mama yetu.

Mwaka 1996 Mama Mkubwa alikimbia vita kutoka Fizi, akavuka ziwa Tanganika kwa mtumbwi, akapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka ule ule. Alikaa huko miaka 18. Basi watoto walipomwambia, "Nyanya, tunakwenda kambini!", aliweka chini ungo wake wa maharagwe, akauliza:

"Nani ametufukuza tena?"

Alikubali kwenda kwa sharti moja tu, kwamba yeye atalala ndani ya motokaa.

Kituo cha kwanza kilikuwa Capitol Reef. Hapa inafaa kueleza jambo, kwa maana sisi wenyewe lilitutatiza. Wamarekani wana bustani za taifa, wana na kumbukumbu za taifa. Nasi kwa kusikia neno "kumbukumbu" tulitazamia sanamu za majemadari. Sivyo. Kwa sheria ya mwaka 1906, Rais peke yake aweza kutangaza kwamba mahali fulani pa nchi ya serikali, penye vitu vya kale au vya ajabu, ni kumbukumbu ya taifa. Lakini bustani huundwa na Bunge. Capitol Reef ilitangazwa kumbukumbu mwaka 1937, ikafanywa bustani mwaka 1971.

Chini ya majabali yake mekundu pana miti ya matunda, iliyoanza kupandwa na Wamormoni katika miaka ya 1880. Wakati wa mavuno mgeni hula bure papo hapo, na achukuayo nyumbani huyalipia. Mama Mkubwa alishika pichi mkononi muda mrefu bila kulila.

"Wenye shamba wako wapi?"

Tulimweleza kwamba serikali ilinunua ardhi yao, nao wakahama.

"Afadhali walilipwa," akasema, akala.

Hatukumwambia kwamba kabla ya Wamormoni walikuwapo watu wengine, ambao michoro yao ingali juu ya miamba ile. Pengine aliiona mwenyewe.

Siku ya pili tulivuka mto Colorado, tukafika Natural Bridges, kumbukumbu ya kwanza ya taifa katika Utah, iliyotangazwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1908. Pana madaraja matatu ya mawe, ambayo hakuna fundi aliyeyajenga: kijito kilizunguka ukuta wa mwamba, kikautoboa, kikapita katikati. Kubwa kuliko yote ni Sipapu, lenye urefu wa meta 82 hivi. Jina ni la Wahopi, nalo lataja mahali ambapo wazee wao wa kwanza walitokea kuingia katika dunia hii.

Pale pana nafasi 13 tu za kupiga hema. Giza la usiku ni zito, na kwa sababu ya giza hilo mahali hapo palipewa sifa mwaka 2007, pa kwanza ulimwenguni kuitwa bustani ya anga la giza. Mahali ni juu, kama meta 2,000, na baridi ni kali. Usiku wa manane upepo ukavuma, hema la watoto likaanza kuinuka. Shemeji alikuwa akishindana na kamba ndipo mlango wa motokaa ukafunguliwa.

"Leteni mawe," akasema Mama Mkubwa. "Na mlango usiuelekeze upepo."

Aling'oa vigingi vyote, akageuza hema, akavipigilia tena kwa mshazari, akaingia ndani na watoto. Nasi tuliokuwa nje tulimsikia akiwasimulia masika ya kwanza ya Nyarugusu, chini ya turubai. Kisha akataja jina la mtoto wake wa mwisho. Sisi tangu zamani tuliambiwa tu kwamba "hakuvuka". Dada, aliyekaa na mama huyu nyumba moja miaka mingi, alikuwa hajalisikia jina lile. Mtoto mdogo akauliza kama angekuwa mkubwa sasa. Akajibiwa kwamba angekuwa na ndevu.

Asubuhi mahema yote yalikuwa yamekunjwa, kamba ndani, vigingi juu.

Siku ya tatu tuliona matao ya Arches, karibu na Moab. Njia ya kufikia lile liitwalo Delicate Arch ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi, juu ya mwamba mtupu. Mama Mkubwa alituacha twende, akabaki kivulini. Jioni tulipiga mahema kando ya mto Colorado, naye hakuuliza ufunguo wa motokaa.