Mpini wa Alumini

Wavuvi wa Mombasa miaka ya 1980 walitembea na visu viwili. Kimoja kikubwa, cha kupasulia papa na tewa, kilikaa ndani ya ala chomboni. Cha pili kilikuwa kidogo, cha kukunja, cha kukatia mshipi, kamba na chambo, nacho kilifungwa kwa uzi kwenye pindo la kikoi ili kisizame. Hicho kidogo ndicho kilicholeta watu kwenye karakana ya ami yangu, nyuma ya Mwembe Tayari. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufuli, majiko ya mafuta ya taa na cherehani. Visu vilikuja kwa sababu ya mipini, maana bapa hudumu, mpini hufa kabla yake.

Nilianza kwenda pale wakati wa likizo za shule, kisha nikabaki kwa miaka baada ya masomo, nikishika tupa na kusikiliza. Nahodha mmoja mzee alikuwa hakosi.

“Salamu aleikum, fundi.”

“Aleikum salaam, nahodha. Kimekataa tena?”

“Kimekataa. Kikinywa maji hakifungi, kikikauka hakifunguki.”

Mpini wake ulikuwa wa mti. Hata mti mgumu, ukilowa na kukauka kila siku, huvimba na kusinyaa mpaka upasuke kwenye ribiti. Tulijaribu pembe ya ng'ombe, wadudu wakaitoboa. Plastiki ya siku zile ilichanika kwa jua. Shaba ilikuwa nzuri kwa macho, lakini nzito mno kwa kitu cha kuning'inia kwenye pindo la nguo, na baada ya juma moja baharini iliota kijani.

Kilichobadilisha mambo ni kisu cha askari wa Uswisi, alichokuja nacho baharia mmoja aliyeshuka Kilindini. Kilikuwa na bapa, kifungulia kopo, bisibisi na msumari wa kutobolea, na mipini yake miwili ilikuwa bamba jembamba la alumini lenye rangi ya fedha, lililochorwa vijistari vidogo vidogo ili lisiteleze mkononi. Jeshi la Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha aina hiyo mwaka 1961 na halikukiacha hadi 2008. Kilitengenezwa na Victorinox wa Ibach na Wenger wa Delémont. Ami alikifungua na kukifunga, akakipima kwa mkono, akakitia katika kopo la maji ya bahari na kukiacha humo siku kadhaa. Kilipotoka kikafunguka vilevile. Tangu hapo hakutaka tena kusikia habari za mti.

Watu walimcheka. Alumini kwao ilikuwa sufuria, kitu cha kubonyea kikianguka. Na sufuria ni laini kweli, kwa sababu hutengenezwa kwa alumini iliyo karibu na safi, inayokubali kuvutwa na kubonyezwa. Kisu kinahitaji aloi, yaani alumini iliyochanganywa na kitu kingine kidogo cha kuitia nguvu. Swali la ami likawa moja: tutaipata wapi? Jibu lilikuwa limelala kwenye vyuma chakavu vya Changamwe na Shimanzi, na tulilitafuta kwa kubahatisha.

Tulianza na pistoni za magari. Zilikuwa nyingi na rahisi, na ziliyeyuka vizuri kwenye tanuri letu la makaa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ya pistoni huwahi zaidi, kwa kuwa ina silikoni nyingi, mara nyingi kiasi cha asilimia 12. Silikoni hiyo huifanya itiririke mpaka pembe za mwisho za kalibu. Tulikuwa tukitengeneza kalibu kwa mchanga mwembamba uliotiwa udongo kidogo, tukabonyeza mpini wa mfano, tukamimina. Mipini ilitoka migumu, yenye umbo zuri. Tatizo lilionekana kwenye kingo nyembamba karibu na bawaba: kisu kikianguka kwenye sakafu ya saruji, kingo zilikatika vipande. Silikoni iliyoleta utiririkaji ndiyo iliyoleta wepesi wa kuvunjika.

Baadaye tukapata vipande vya fremu za madirisha. Hiyo ni aloi nyingine kabisa, ya magnesi na silikoni kidogo, na hiyo hatukuiyeyusha. Tuliikata kwa msumeno na kuipiga tupa. Haikuvunjika hata kidogo, ila ilipinda ukikitumia kisu kubandua chaza mwambani. Kwa mvuvi wa mshipi ilitosha. Kwa mtu wa pwani ya mawe haikutosha.

Mipini bora kuliko yote ilitoka kwenye mashua. Fundi mmoja wa bandarini alikuwa akirekebisha boti ya alumini, akamwachia ami mabaki ya bamba zito lenye unene wa milimita kadhaa. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifanya kazi kwenye karakana ya mashine za kukata chuma, nilijua kwamba bamba za boti kwa kawaida ni aloi za magnesi, kama ile iitwayo 5083, yenye magnesi zaidi ya asilimia 4, iliyobuniwa kuvumilia maji ya chumvi. Ami hakujua namba. Alijua kwamba bamba lile lilikuwa gumu kwenye tupa, halikukatika lilipopigwa nyundo, na halikuota unga mweupe. Alilificha chini ya benchi na kulitumia kwa wateja aliowaheshimu tu.

Nilichopenda zaidi kilikuwa kazi ya kuipa alumini ngozi ngumu. Alumini hujitengenezea yenyewe utando mwembamba wa oksidi ikikutana na hewa. Ukiitia kwenye asidi ya betri iliyopunguzwa kwa maji, ukaiunganisha na upande chanya wa umeme na kipande cha risasi upande hasi, utando huo hukua na kuwa mgumu, wenye vitundu vidogo mno vilivyopangana kama sega la nyuki. Ukiloweka mpini kwenye rangi ya nguo, rangi huingia vitunduni, na maji yanayochemka huvifunga. Tulifanya hivyo nje, upepo ukiwa nyuma yetu, na ami hakumruhusu mtoto kusogea. Alumini ya madirisha ilitoka nyekundu na buluu za kupendeza. Ya pistoni ilitoka kijivu chenye mabaka, kila mara, kwa sababu silikoni haigeuki oksidi pamoja na alumini inayoizunguka. Hapo ndipo tulipopata njia ya kutofautisha marundo bila kuwa na maabara.

Adui wa kudumu alikuwa pini ya bawaba. Chuma cha pua kikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, viwili hivyo hugeuka betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe ulijaa kwenye tundu la pini mpaka bapa likakwama. Shaba ni mbaya zaidi, ingawa mafundi wengi waliipenda kwa wasa. Ami alitumia ribiti za alumini kushikilia mipini, na kwenye bawaba akaweka wasa za nailoni na grisi nyingi. Alimwambia kila mteja: “Ukifika nyumbani, kioshe kwa maji baridi ya mferejini.” Wachache walimsikiliza.

Leo visu vya kukunja vinakuja na namba kwenye kisanduku. 6061-T6 ina magnesi, silikoni na shaba kidogo, imepashwa moto mkali, ikazamishwa majini, kisha ikapikwa tena kwa saa nyingi kwenye moto wa chini ili ikaze. Mjerumani Alfred Wilm ndiye aliyegundua mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba aloi fulani za alumini hukaza zikiachwa baada ya kuzamishwa. 7075, yenye zinki, ina nguvu karibu mara mbili ya 6061, na Wajapani wa Sumitomo waliibuni miaka ya 1930 kwa ajili ya ndege. Wauzaji huisifu sana. Kwa mtu wa bahari mimi huchagua 6061, kwa kuwa zinki na shaba za 7075 huifanya iliwe na chumvi haraka, na nguvu ile ya ziada haina kazi kwenye mpini wa kukatia mshipi. Uzito wa zote mbili uko karibu na theluthi moja ya chuma.

Kwa vijana wanaosubu alumini Kamukunji, Gerezani na kwetu Mwembe Tayari, nina ombi: msiyeyushe kila kitu kwenye chungu kimoja. Wekeni pistoni peke yake, madirisha peke yake, na bamba la boti msiliyeyushe kabisa. Likateni.