Yide Lu: Nguvu ya Kuondoka



Wafanyabiashara wetu wanaporejea kutoka Guangzhou, mazungumzo yao aghalabu huwa ni ya Xiaobei na Sanyuanli, kwani huko ndiko Waafrika wengi hufikia. Mwezi huu ukurasa wa safari unawachukua wasomaji hadi Yide Lu, barabara kongwe ya maduka ya jumla iliyo kaskazini kidogo ya Mto Zhujiang. Hapo zamani palipita ukuta wa mji. Ulipobomolewa mwanzoni mwa karne ya 20, barabara ikajengwa mahali pake. Mwendo mfupi kuelekea kaskazini upo msikiti wa Huaisheng, ambao mapokeo ya Waislamu wa China huunasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Kandoni mwa barabara yenyewe limesimama kanisa kuu la mawe, lililojengwa kati ya mwaka 1863 na 1888.

Harufu ya Yide Lu si ngeni kwa mtu wa pwani, kwani ni harufu ya ng'onda. Huuzwa samaki wakavu, kamba, chaza na majongoo bahari, mfano wa yale ambayo pwani yetu imekuwa ikiyapeleka China tangu enzi za mababu. Maduka mengine yamejaa wanasesere, madaftari na mapambo. Litakalomshangaza mgeni ni kimya cha magurudumu. Mji huo ulipiga marufuku pikipiki katika maeneo yake ya kati kuanzia tarehe 1 Januari, mwaka 2007, na leo mizigo midogo hupita kwa mikokoteni na baiskeli za umeme, ambazo usajili wake ulianza mwaka 2021. Husikii ila mluzi hafifu wa mota, na honi ya anayeomba njia.

Mtazameni hamali wa umeme kazini. Husimama kumpisha mpita njia, huondoka. Husimama tena mlangoni pa duka, huondoka tena. Kazi yake si kwenda mbio, bali ni kuutoa mzigo mzito pale uliposimama, tena mara mia kwa siku. Hapo ndipo umeme unapoishinda petroli. Injini ya petroli haina nguvu kubwa inapozunguka polepole, ndiyo maana ikahitaji klachi na gia. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kamili tangu gurudumu halijazunguka.

Siri hiyohiyo ndiyo iliyozaa pikipiki za umeme za mashindano ya robo maili, yaani mita 402 za njia nyoofu. Washindani wawili husimama sambamba, taa huwaka, na anayeondoka vyema aghalabu ndiye mshindi. Mmarekani Bill Dube aliunda pikipiki aliyoiita KillaCycle, yenye betri za lithiamu za kampuni ya A123 Systems. Tarehe 10 Novemba 2007, huko Pomona, California, mwendeshaji Scotty Pollacheck aliimaliza njia hiyo kwa sekunde 7.824, akivuka mstari kwa mwendo wa kilomita 270 hivi kwa saa. A123 ilifilisika mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikawa mali ya Wanxiang, kampuni ya Kichina.

Mashindano kwa asili yake si haramu. Farasi walishindanishwa katika zama za Mtume (S.A.W.), na wanavyuoni wakabainisha kuwa kinachoharamisha ni kamari na madhara. Lakini kila nguvu ina uwanja wake. Mwaka huohuo wa 2007, Dube alikuwa akiwaonyesha watu pikipiki yake mjini Los Angeles, nje ya uwanja wa mashindano. Ikamponyoka, akagonga gari na kuumia. Ikiwa fundi aliyekiunda chombo kwa mikono yake hakuweza kukizuia barabarani, seuze kijana wa miaka 17?

Nasema haya kwa sababu uchu wa mbio umeingia mitaani. Kanuni za China zilizoanza kutumika mwaka 2019 ziliiwekea baiskeli ya umeme mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa, mota isiyozidi wati 400, na betri isiyozidi volti 48. Hata hivyo wapo wanaoondoa kizuizi cha mwendo, au kuunganisha betri kubwa zaidi ya ile chombo kilichoundiwa. Betri iliyolazimishwa hupata joto, na moto wa lithiamu ukishika hausubiri maji. Mwezi Februari 2024, moto ulioanzia mahali palipowekwa baiskeli za umeme, chini ya jengo la makazi mjini Nanjing, uliua watu 15. New York nayo, mwaka 2023 peke yake, ilipoteza watu 18 kwa mioto ya betri za lithiamu.

Ndugu zangu, wengi wetu ughaibuni tunakaa katika majengo ya ghorofa yenye mlango mmoja wa kutokea, na vijana wetu wanachuma riziki ya halali kwa kupeleka vyakula majumbani kwa baiskeli za umeme. Usiku baiskeli huegeshwa ukumbini, karibu na mlango, na chaja huachwa hadi alfajiri. Moto ukizuka hapo, njia ya kutokea ndiyo inayoziba kwanza. Basi kila mzazi amuulize mwanawe leo: betri hii imetoka wapi, chaja hii ni yake, na usiku italala wapi? Bora kukosa safari mbili za usiku kuliko kununua betri ya rahisi isiyojulikana aliyeiunda.

Nanyi mnaokwenda kununua bidhaa China, hasa mnaofikiria pikipiki za umeme kwa ajili ya bodaboda za nyumbani, msiulize kwanza chombo kinakimbia kiasi gani. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria hazisajiliwi ila ziwe za umeme, na soko hilo litapanuka kwingineko. Ulizeni chombo kinaondokaje kikiwa na abiria na gunia mlimani, na betri yake imepimwa kwa kanuni gani. Hamali wa Yide Lu hana haja ya kilomita 270 kwa saa. Haja yake ni kuondoka na mzigo, kuufikisha, na kurejea kwa watoto wake.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na atubarikie riziki zetu. Amin.