Mwenge: Jumamosi na mashetani wa mpingo

Hivi umewahi kuitazama vizuri nembo ya Scania? Ndiyo, lile basi ulilopanda kwenda kula sikukuu nyumbani. Kwenye nembo ile kuna kichwa cha ndege mwenye mdomo uliopinda, na juu yake taji. Usidhani ni tai wa kawaida. Jina lake ni grifini, kiumbe mwenye kichwa na mabawa ya tai na kiwiliwili cha simba. Hayupo Serengeti wala mbuga nyingine yoyote duniani. Wenye magari wamemtoa kwenye ngao ya jimbo la Skåne, kusini mwa Sweden. Lakini ukoo wake ni wa zamani zaidi: huko Knossos, katika kisiwa cha Krete, alichorwa ukutani pembeni ya kiti cha enzi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Wewe na mimi tumesafiri na huyo grifini miaka nenda rudi, na sijasikia abiria aliyeshuka Chalinze akidai basi lina pepo. Tunalipa kiingilio kwenda sinema kuona majoka yenye mabawa yakitema moto. Tunanunua fulana zenye picha zao, na watoto wanalala juu yao kwenye mashuka. Lakini jaribu kuingia sebuleni na kinyago cha shetani wa Kimakonde, uone moto wake! Mwenzio atakuuliza umekitoa wapi hicho kitu, na usiku huu kitalala wapi.

Ndiyo maana mwezi huu mtoko wetu unaenda Mwenge. Kwa wale wanaojiuliza wikiendi waende wapi zaidi ya ufukweni na kwenye nyama choma, kijiji cha vinyago kiko kando ya Barabara ya Sam Nujoma, karibu na makutano yake na Barabara ya Bagamoyo. Kutoka Mlimani City ni mwendo mfupi tu. Wengi wetu tunapita hapo kila siku tukiwa kwenye foleni, macho kwenye simu, bila kugeuza shingo.

Sauti ya tezo

Safu za mbele ni za mgeni anayewahi ndege. Utakuta twiga wa saizi zote, tembo, Mmasai na mkuki wake, bao, bakuli za saladi. Wauzaji watakukaribisha kwa lugha tatu kabla hujafungua mdomo. Ukiwajibu kwa Kiswahili cha mtaani wanacheka, na bei nayo inapoa kidogo.

Usiishie hapo. Zunguka nyuma, fuata sauti. Ni tezo inagonga mpingo: ko, ko, ko. Fundi amekaa chini, gogo liko katikati ya miguu, vumbi jeusi limemtapakaa mpaka kwenye kope. Pembeni yake kuna patasi, tupa na karatasi za msasa. Mpingo si mti wa kubembeleza. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Ndio huohuo unaotengenezewa klarineti na obo zinazopigwa kwenye kumbi za muziki za Ulaya. Kwa nje una ganda jeupe lenye umanjano, na weusi wenyewe uko moyoni.

Ulizia mashetani. Utaletewa kiumbe mwenye jicho moja, sikio limerefuka mpaka limekuwa mkono, na mdomo unauma goti lake mwenyewe. Utaona wawili wamekumbatiana hata hujui mguu huu ni wa nani. Mwingine ana tumbo lililotobolewa, unachungulia unamwona mwenzio upande wa pili. Nimeshuhudia wachumba waliofika hapo wamenuniana, dakika kumi baadaye wanagombea nani kati yao anafanana na kile cha midomo mirefu.

Mara nyingi fundi hachori mpango kwenye karatasi. Mpingo hukua umepinda na mara nyingi una mashimo, kwa hiyo analigeuza gogo huku na huku akitafuta kiumbe aliye ndani. Palipo na kundu panakuwa jicho. Penye tawi panakuwa pembe. Kwa sanamu ya twiga, gogo la namna hiyo ni hasara. Kwa shetani, ndiyo mtaji.

Mkono uliovunjika

Wamakonde wamechonga tangu enzi za mababu, hasa barakoa za ngoma ya mapiko zinazohusu jando na unyago. Wengi wa wachongaji walioleta sifa Dar es Salaam walitoka upande wa pili wa Mto Ruvuma, kwenye nyanda za juu za Mueda, Msumbiji. Wapo waliokuja kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge, na wapo waliokimbia vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974. Walipofika huku wakakuta wateja wapya, na wateja wapya wakaleta vinyago vipya.

Jina linalotajwa kuwa mwanzo wa mashetani ni la Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 alichonga sanamu ya mtu ili ampelekee Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago jijini Dar. Kwa bahati mbaya mkono wa sanamu ukavunjika. Mtu mwingine angetupa gogo jikoni likapikie ugali. Samaki akakumbuka hadithi za utotoni za Nnandenga, kiumbe wa porini asiye na maumbile kamili kama yetu, akaipunguza na kuipindua ile sanamu mpaka ikawa yeye. Peera akaipenda, akataka nyingine. Wachongaji wenzake walipoona zinanunuliwa, kila mmoja akaanza kuwatafuta mashetani wake.

Karibu na miaka hiyohiyo Roberto Yakobo Sangwani alifungua njia nyingine, ile nguzo ya watu waliobebana mabegani, ambayo baadaye wote tuliizoea kwa jina la Ujamaa. Kwa hiyo ukiwa Mwenge una ndugu wawili mbele yako. Mmoja anaonyesha tunavyotakiwa kuishi, na mwingine anaonyesha tunavyoishi kweli tukiwa hatuonekani.

Aliyewatoa mashetani kwenye mti akawatia rangi ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934 kusini mwa Tanzania. Miaka ya 1970 alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo ambacho jengo lake la zamani katikati ya jiji halipo tena. Mashetani wake hawatishi. Wana masikio kama sahani na vitambi vimetangulia mbele. Wanacheza ngoma, wanakunywa, wanasengenyana. Kisukari kilimpotezea miguu lakini aliendelea kuchora mpaka alipofariki 2005. Kazi zake zilikuwemo kwenye onyesho kubwa la Africa Remix, lililoanza 2004 Düsseldorf na kuzungukia London, Paris na Tokyo. Wenzetu walipanga foleni na kukata tiketi ili kuwaona. Sisi tuko nao Sam Nujoma, na tunafunga vioo vya gari.

Shetani gani?

Hapa ndipo penye kesi nyumbani. Neno shetani kwetu limevaa kofia mbili. Kuna yule wa kwenye vitabu vitakatifu, Ibilisi, ambaye hakuna anayemtaka mlangoni. Na kuna mashetani wa mazungumzo ya kila siku na wa ngoma za uganga: pepo, vibwengo, wakaao baharini, mibuyuni na porini, wengine wakali, wengine watani tu. Mafundi wa Kimakonde walipotafuta neno la Kiswahili la viumbe wao, walichukua la kofia ya pili. Mnunuzi anasikia la kwanza.

Rafiki yangu mmoja, mfanyakazi wa benki, alinunua kinyago cha namna hiyo wiki chache baada ya harusi. Alikipenda kwa moyo wote. Mkewe akasema nyumba yao imeombewa, kitu hicho hakivuki kizingiti. Kinyago kikalala kwenye buti la gari karibu mwezi mzima, na ndani ya nyumba maneno yakapungua. Kila mmoja alikuwa na hoja. Bwana aliona anaamuliwa mambo katika nyumba anayolipia kodi. Bibi aliona imani yake imepitwa kama kizuizi cha barabarani.

Kilichowasaidia ni safari ya kurudi Mwenge, safari hii wakiwa wawili. Walimtafuta fundi aliyekichonga na mke akauliza mwenyewe: huyu ni nani, na kwa nini anajiuma? Fundi akamweleza kuwa huyo ni mlafi, alikula vya watu vikaisha, sasa amejigeukia mwenyewe. Mama akacheka, akasema anamjua mtu wa hivyo ofisini kwao. Siku hizi kinyago kiko sebuleni karibu na televisheni. Mama mkwe akija, kinahamia stoo. Ndoa ni mapatano, jamani!

Sisemi kila mtu lazima akubali. Wapo mafundi watakaokueleza kwamba viumbe hao waliwaona ndotoni, na wanamaanisha. Wapo watakaokuambia bila kupepesa macho kuwa ni kazi inayolipa ada za watoto. Kama imani yako inakataa, nunua Ujamaa na usione haya. Ninachosema ni kwamba wivu, ulafi, uchoyo na hasira vimo ndani ya nyumba zetu tayari, havikungoja kuletwa kwenye buti. Mchongaji amevipa macho na meno ili tuvitambue. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi naongeza: na wewe ukilijua, mtaongea lugha moja.

Mti wenyewe unahesabika

Kuna jambo moja la kutisha kweli Mwenge, nalo halina pembe. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Gogo lililo mikononi mwa fundi leo lilichipua kabla babu yako hajaoa. Miti mikubwa imepungua, magogo yanatoka mbali, na fundi anayepata mti kwa bei ya juu analazimika kuchonga twiga kumi wanaouzika haraka badala ya shetani mmoja wa wiki tatu.

Habari njema zipo. Wilayani Kilwa, vijiji vinavyotunza misitu yao ya asili vilianza kupata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, na wanavijiji wananufaika na miti wanayoivuna kwa mpango. Kijana wa huko anayefaidika na mpingo uliosimama ana sababu ya kuulinda. Na fundi wa Mwenge anayelipwa vizuri kwa kinyago kimoja kizuri hana haja ya kumaliza magogo kumi.

Ukienda

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, wakati mafundi wako kazini. Chukua kinyago mkononi: mpingo wa kweli utausikia kwenye kiganja, ni mzito kuliko unavyotarajia. Kigeuze utazame chini. Ukiona ganda jeupe limeachwa mahali, ni dalili nzuri. Lakini kikiacha weusi kwenye vidole vyako, jua umeshika mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Kupatana bei ni ruksa, ila usimkamue mtu aliyekaa na gogo hilo wiki tatu kama unavyopatana nyanya za jioni. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Muda ukibaki, Kijiji cha Makumbusho hakiko mbali, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali. Na kwa wapenzi wa rangi, wachoraji wa Tingatinga wako Oysterbay, na wapo kati yao wanaochora mashetani pia.

Mkifika, msinunue kwanza. Kila mmoja achague kiumbe kimoja kimyakimya, halafu muonyeshane na mwambiane kwa nini. Kisha mwiteni fundi awatajie jina lake na kisa chake. Kama hana kisa, rudisheni mezani. Kama anacho, kaeni chini msikilize mpaka mwisho, ndipo mzungumze bei.