Kebini ya Mjomba

Nilikuwa nimeweka akiba ya kuchapisha hadithi zangu. Laki tisa, zimetulia kwenye simu kama mayai chini ya kuku. Ndipo mjomba akapiga kutoka Kibaigwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nataka kebini."

Mjomba ana trekta dogo la mtumba kutoka Japani, nguvu ya farasi 24. Anawalimia watu kwa eka. Kule Kongwa, mvua ikiwa haijashika, udongo ni unga mtupu. Haro ikipita, dereva humwoni. Jioni akikohoa anatema kahawia. Fundi wa kuchomelea alimwahidi kibanda cha bati na vioo kwa milioni moja na laki mbili. Yeye ana laki tatu. Hesabu iliyobaki unaijua.

Nikapanda basi nikajionee. Nilikaa chini ya mbuyu nikimtazama anavyoingia na kutoka kwenye wingu la vumbi, kitambaa puani, macho mekundu kama ya mlevi. Nikaona aibu. Nikasema moyoni, kitabu kitangoja, hela itoke.

Alipozima injini ndipo nikauona ule upinde wa chuma nyuma ya kiti. Umelazwa chini. Mkanda wa kiti umeliwa na panya.

"Unagonga matawi," akasema. "Fundi ataukata, kebini ikae vizuri."

Tukaenda kwa fundi. Nilimuuliza, je, trekta likipinduka? Hakunificha: "Bwana mdogo, mie nazuia vumbi. Likipinduka, simo."

Hapo nikasita. Upinde ule kiwanda kiliutengeneza ubebe uzito wa trekta likilala chali; ukiukata, ukiutoboa au ukiuchomelea, nguvu yake huna hakika nayo tena. Uswidi iliamuru kinga ya namna hiyo kwa matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Kibanda cha bati hakina kinga hiyo, tena kinaongeza uzito juu, na mashamba mengine ya mjomba yanapakana na korongo. Trekta jembamba lililobebeshwa juu ni kama mtoto mwenye ndoo kichwani anayevuka matuta. Halafu joto la saa saba ndani ya vioo! Kiyoyozi kitakula nguvu ya injini ambayo yenyewe haitoshi. Na bati tupu lisilo na sponji linarudisha kelele masikioni.

Kongwa yenyewe ina kumbukumbu. Mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo mikubwa kulima karanga. Kufika 1951 mradi umekufa. Mashine zilitangulia, maswali yakafuata nyuma.

Nilimweleza mjomba yote hayo. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo kitabu chako ni bora kuliko mapafu yangu?"

Sikuwa na jibu. Maana kweli, nilipomsikia fundi, sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nilikuwa nimepata sababu nzuri ya kubaki na hela yangu, na mtu mwenye sababu nzuri huwa hajichunguzi.

Usiku sikulala. Asubuhi nikamwambia: vumbi ni ugonjwa wa kweli, tulitibu bila kuleta kifo. Tukausimamisha upinde, tukaweka pini mpya na mkanda mpya, kwani upinde bila mkanda unakurusha ukaangukiwe. Fundi akatengeneza paa jepesi, likafungwa kwa vibano na bolti pasipo kutoboa kitu. Tukanunua miwani ya kufunika macho na barakoa za kichujio, si kitambaa. Matawi yanayogonga tukayakata kwa panga. Nilitoa laki nne. Mjomba zake akatia dizeli.

Juzi kapiga simu. Barakoa inamtoa jasho, anailalamikia, lakini anaivaa. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Kebini bado anaitaka, ile ya kiwandani, iliyopimwa, siku akipata trekta kubwa.

Mimi nimebaki na laki tano. Mpiga chapa anataka tisa. Nimeanza kuhesabu upya.