Barua kutoka Ohio: Nitumieni vipimo

Ndugu zangu wa Kabambare,

Vijana wetu, kuanzia Salamabila hadi Kasongo, hunitumia video za mashine zao: koili, sumaku, betri kuukuu ya pikipiki, taa inawaka. Nafurahi. Lakini maneno yanayofuata ni yaleyale: mashine inatoa umeme mwingi kuliko inaoutumia, nikawaombee hataza Marekani, na tukikataliwa basi ni kwa kuwa sisi ni Wakongo.

Sasa msikilize habari za mzungu wa Mississippi, Joseph Newman. Alidai hayohayo. Ofisi ya Hataza ya Marekani ilimkatalia mwaka 1983, naye akaishtaki. Hakuwa peke yake: mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama kuchunguza kesi, ambaye aliwahi kuiongoza ofisi hiyohiyo, alimuunga mkono! Mashine ikapelekwa kupimwa na taasisi ya taifa ya vipimo. Mwaka 1986 majibu yakatoka: katika kila jaribio, umeme ulioingia ulizidi uliotoka. Newman akalalamika kwamba waliufunga vibaya waya wa kwenda ardhini. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikakubaliana na ofisi. Alifariki mwaka 2015 bila hataza hiyo.

Hata wabunifu wakubwa hukataliwa. Samuel Morse wa telegrafu alitaka kumiliki kila njia ya kuandika ujumbe mbali kwa nguvu ya sumaku ya umeme, hata njia ambazo hakuzibuni. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupa dai hilo, la nane katika hataza yake. Madai yake mengine yakasimama.

Hapa Marekani barua ya kukataa ni jambo la kawaida. Hutaja kila dai na kasoro yake. Kwa kawaida una miezi 3 ya kujibu, na ukilipia nyongeza inafika 6. Unaruhusiwa kulipunguza dai au kuleta ushahidi. Kelele za ubaguzi hazijibu swali la wati.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza mbuzi mkanitumia hela, pimeni. Umeme ukienda kwa kurukaruka, kama koili zenu zinavyofanya, mita ya bei rahisi hudanganya. Naamini wengi hupotelea hapo. Kipimo kigumu ni hiki: mashine ijichaji yenyewe na kuwasha taa wiki nzima, betri isishuke. Ikishuka lakini polepole kuliko mashine za wengine, huo ndio ubunifu wenu. Uombeeni hataza. Kwetu Kongo kuna sheria ya hataza tangu tarehe 7 Januari 1982, na maombi ni Kinshasa.

Jambo la mwisho: acheni kuzitangaza video hizo. Marekani humpa mbunifu mwaka mmoja wa kuomba hataza baada ya kuonyesha kitu chake hadharani. Nchi nyingi hazimpi hata siku. Nitumieni vipimo, mimi peke yangu.