Shukrani Baada ya Kiangazi

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Ndugu msomaji usiyezijua sehemu hizi za Mkoa wa Morogoro, usidhani natania. Kijiji kipo, na watu wa Kilosa husema bila hata kutabasamu kwamba walikwenda Ulaya jana kununua mahindi wakarudi jioni. Nilipomwandikia mama yangu kule Bukoba kwamba mume wangu atapita Ulaya katika safari zake za Injili, jibu lilikuja baada ya wiki tatu likiwa na orodha: miwani ya kusomea, koti la mvua, na saa ya ukutani yenye kulia.

Neno mmisionari nalo lina mkanganyiko wa namna hiyo. Wengi wakilisikia humwona mzungu mwenye kofia pana, na kwa upande wa Kilosa hawakosei sana. Mnamo mwaka 1880 hivi, watu wa CMS kutoka Uingereza walikuwa wamefika Mamboya, kwa Wakaguru, na mmoja wao, Joseph Thomas Last, aliandika sarufi ya Kikaguru iliyochapishwa mwaka 1886. Barua zao zilishuka pwani kwa miguu ya wapagazi, na majibu yakapanda hivyo hivyo. Nimewafikiria watu hao mara nyingi, hasa wake zao, ingawa habari zao zimeandikwa kidogo mno.

Sisi tulikuwa wamisionari wa namna nyingine. Tulikuwa Wahaya wawili, tuliotumwa na kanisa letu mwaka 1991. Tulivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, tukapanda gari moshi, tukateremka stesheni ya Kilosa na watoto wawili, magodoro mawili na kopo la senene ambalo hakuna jirani aliyekubali kuonja. Mtoto wa tatu tulimpata hapo hapo Kilosa. Watu walitupokea vizuri. Walitucheka kwa kutamani ndizi za kupika kila siku, wakatufundisha kuupenda ugali, na kwa muda mfupi nikawa "mama mchungaji" hata kwa watu wasiosali kwetu.

Nataka kuandika juu ya kiangazi cha mwaka 1998, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kushukuru kwa uangalifu.

Wanaokumbuka watakumbuka mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Ziliharibu barabara, madaraja na reli katika sehemu nyingi za nchi. Kilosa ni mji wa mto. Mkondoa ukijaa, kila mtu hulala sikio moja likiwa wazi, na mwishoni mwa 2009 ulikuja kubomoa kingo zake ukawaacha maelfu bila makazi. Mwaka ule wa El Niño nyumba yetu ilisalimika. Lakini kule Mikumi, kanisa dogo la matofali mabichi ambalo waumini walilijenga kwa miaka minne liliyeyuka kama sukari kwenye chai. Ukuta mmoja tu ulibaki umesimama, wenye dirisha.

Matofali hufyatuliwa kiangazi. Mvua zikikaribia, tanuri halikauki na kazi yote ni bure. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya Juni mume wangu alifunga godoro lake kwenye baiskeli akaenda Mikumi, zaidi ya kilomita 70 za vumbi, awe huko mpaka paa litakapopanda. Mwezi huo huo mama yangu alianguka akavunjika nyonga, tukamtuma binti yetu Bukoba akamtunze bibi yake. Kijana wetu wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha sita. Akaenda Dar es Salaam kwa mama yake mdogo, Kinondoni, akapata kibarua cha kupeleka vifurushi vya duka moja kwa baiskeli. Nami nikabaki Kilosa na mdogo wetu wa miaka mitatu, darasa la ushonaji la akina mama, ibada za katikati ya wiki, wagonjwa wa kutembelea na bustani ya mchicha. Watu watano wa nyumba moja tulikuwa mahali panne.

Kazi ilikuwa nyingi na sikuwa na muda wa kusononeka. Barua za mume wangu zilikuja kwa mkono wa yeyote aliyekuwa akija Kilosa, na nusu yake zilikuwa habari za wanyama. Mji wa Mikumi uko mlangoni kabisa mwa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hupita katikati ya hifadhi yenyewe. Aliandika kwamba nyani waliiba unga wa mafundi. Kwamba tembo alipita usiku akakanyaga matofali yaliyoanikwa, akaacha nyayo zake katika ishirini na mbili kati yake, na kwamba wazee wa kanisa waliamua yachomwe hivyo hivyo na kujengewa. Mdogo wetu alitaka nimsomee ya tembo kila usiku. Sijui kama alielewa kwamba aliyeiandika ni baba yake.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti, nilikuwa darasani kwangu nikikata kitambaa cha sare. Jirani alikuja na redio yake ya betri ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Bomu lilikuwa limelipuka Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa Marekani, asubuhi ile ile baada ya saa nne na nusu. Na Nairobi vile vile. Watu wamekufa. Majina hayakutajwa.

Nilijua ubalozi ule ulipo. Katika barua yake ya mwisho kijana wetu aliandika kwamba wateja wa duka lao wengi wako upande wa Oysterbay, na kwamba amezijua njia zote za huko kuliko wenyeji.

Vijana wa leo hawawezi kuielewa siku ile, na siwalaumu. Sasa mtu akichelewa nusu saa hupigiwa simu mara tatu. Wakati ule Kilosa ilikuwa na simu za waya chache, na laini za Dar es Salaam, kama ungezipata, siku hiyo kila mtu alizitaka. Nilisimama posta hadi ilipofungwa. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima, ofisi zote zimefungwa. Keshokutwa Jumapili. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kabla ya Jumatatu sitajua lolote. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku niliisikiliza nimesimama.

Usiku ule alikuja mama mmoja wa darasa la ushonaji. Sitamtaja jina. Mwezi wa Januari mwaka ule ule alimpoteza mwanawe wa miaka kumi na saba, aliyechukuliwa na maji alipokuwa akivuka kijito kilichokuwa hakimfiki magotini siku za kawaida. Alikuja na mkeka wake, akautandika karibu na wangu, akasema, "Lala, mama mchungaji. Mimi sina usingizi hata hivyo." Hakuomba kwa sauti, hakunitajia neno lolote la kunifariji, jambo ambalo mimi, niliyefundishwa kufariji, nisingeweza kulifanya. Alikaa kwangu usiku mbili. Mchana wa Jumamosi alipika, akamwogesha mtoto, akamsomea barua ya tembo.

Jumapili baada ya ibada, yapata saa nane mchana, mume wangu aliingia uani akisukuma baiskeli yenye gurudumu bovu, mwekundu kwa vumbi toka nyusi hadi viatu. Kabla ya salamu alisema, "Mzima. Yuko mzima."

Mtoto wetu alikuwa ametumia akili. Alijua kwamba mabasi yote ya Iringa na Mbeya husimama Mikumi. Jumamosi alfajiri alikwenda kituo cha mabasi akampa konda karatasi iliyokunjwa, yenye jina la baba yake na neno KANISANI kwa herufi kubwa. Kilomita zipatazo 300, na konda yule, ambaye hatukupata kumjua, akashuka akauliza watu mpaka akaikabidhi mkononi. Karatasi ilisema kwamba mlipuko ulimkuta upande mwingine wa mji, kwamba vioo alivisikia tu kwa masimulizi, na kwamba mama aambiwe upesi. Mume wangu aliisoma jioni, akamwachia mzee wa kanisa ibada ya kesho, akaondoka kabla ya jogoo kuwika, kwenye njia ambayo watu wenye busara hawapiti gizani kwa sababu ya tembo na nyati. Simu ya maandishi, ambayo kijana alituma pia, ilinifikia Jumatano.

Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi zaidi ya 200.

Sasa nifike kwenye neno langu. Jumapili iliyofuata wazee walitaka nisimame kanisani nitoe ushuhuda. Ni desturi nzuri, nami nimeipenda tangu utoto. Mtu husimama, hueleza jinsi Bwana alivyomwokoa, watu huitikia na kuimba. Nilikwisha kuandaa maneno. Kisha nilipotazama mabenchi, nikamwona mama yule amekaa safu ya tatu, kitambaa cheupe kichwani, ametulia akinisubiri.

Niseme nini mbele yake? Kwamba Mungu alimlinda wa kwangu kwa sababu niliomba? Yeye naye aliomba. Nilikuwepo aliposali ukingoni mwa maji, nilimshika mkono. Na wale 11, wengine wao walinzi na wafanyakazi waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta mkate wa watoto, je, mama zao hawakuomba? Tangu siku ile nimesikia shuhuda nyingi ambazo, ukizigeuza upande wa pili, zinamwambia jirani kwamba yeye hakupendwa. Wanaozitoa hawana nia mbaya. Furaha huziba masikio. Lakini mimi sikuweza. Nilisema, "Mwanangu yuko hai, nashukuru. Na usiku ule sikuachwa peke yangu, nashukuru zaidi." Nikakaa. Mzee mmoja alilalamika baadaye kwamba ushuhuda ulikuwa mfupi mno na haukuwa na andiko.

Paa la Mikumi lilipanda mwisho wa Septemba. Mwanzoni mwa Oktoba binti yetu alirudi kutoka Bukoba, amerefuka, anaongea Kihaya cha wazee, na habari njema kwamba bibi anatembea kwa fimbo. Kijana naye alipewa ruhusa akaja. Ile jioni ya kwanza tulipokuwa wote watano tuliimba, tukala wali na kuku, na mume wangu akaanza kuzihesabu baraka za kiangazi: kanisa, watu kumi na wanne waliobatizwa, nyonga ya mama, mwana aliyesalimika. Mdogo wetu alinivuta kanga akauliza, si kwa kunong'ona, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?"

Wakubwa walicheka. Baba yake hakucheka. Alinyamaza, akainuka akaenda nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Usiku aliniambia kwamba hataki kuhesabu tena mpaka hilo nalo lihesabiwe. Tulizungumza hadi taa ikaishiwa mafuta. Kuiacha kazi hatukuweza, wala hatukutaka; lakini mwezi uliofuata alikwenda kwa wakubwa wake akaomba kwamba kama Mikumi inamhitaji kiangazi kingine, basi itupokee sote, hata kama tutalala chumba kimoja. Walikubali. Mwaka 1999 tulihama. Mtoto alifika akataka kwanza kuonyeshwa matofali yenye nyayo. Yalikuwa ukutani kweli, upande wa mashariki, na alimshika baba yake kidole walipokuwa wakiyatafuta.

Hayo yalikuja baadaye. Oktoba ile ya 1998, siku ya tatu baada ya kijana wetu kufika, mama yule alikuja na jogoo amefungwa kamba miguuni. Alimtazama mwanangu toka juu hadi chini kwa muda, nami niliogopa alichokuwa akikipima kwa macho. Kisha akasema, "Amekonda. Dar hawampi chakula?" Akamkabidhi jogoo.

Kijana hakurudi Dar es Salaam wiki ile, wala iliyofuata. Alichukua jembe akaenda kwa mama yule, akalisafisha na kulilima shamba ambalo tangu Januari halikuwa na mtu wa kulilima. Alimaliza siku chache kabla ya mvua. Kila jioni alirudi na malengelenge mikononi, akilalamika kwamba anapikiwa kupita kiasi na kwamba kule hakuna ruhusa ya kubakiza.